Filme inakwisha, maneno yanaanza: watazamaji wa Lualaba na haki ya kusema walichoona

KINDU, Maniema – Jioni, jenereta inapozimwa na mlango wa chumba cha sinema unapofunguliwa, watu hawarudi nyumbani mara moja. Wanasimama barabarani, wengine wamekaa juu ya pikipiki zao, na mabishano yanaanza.

"Yaya, ule kijana hana akili. Mutu anarudia ndani ya nyumba kutafuta sanduku, na adui ako mulangoni?"

"Leki, wewe haukuangalia muzuri. Mule ndani ya sanduku mulikuwa picha ya mama yake."

"Picha! Na akikufa, picha itamusaidia nini?"

Hapo mama mmoja aliyekimbia vita, ambaye alikuwa anapita tu na beseni lake la ndizi, anaweza kusimama na kusema neno linalonyamazisha wote: yeye pia alirudi, na haikuwa kwa ajili ya picha, ilikuwa kwa ajili ya karatasi za masomo za watoto.

Mabishano ya namna hii, ambayo wakaaji wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli wanayajua vizuri, yanaonekana kuwa mchezo wa vijana. Lakini katika inchi hii yana historia ndefu. Kuna wakati ambapo serikali iliandika sheria ili mtu mweusi asiweze kukaa mbele ya filme na kutoa maoni yake juu yake. Na hata baada ya uhuru, swali la nani ana haki ya kuangalia, na nani ana haki ya kueleza kilichosemwa ndani ya filme, limerudi zaidi ya mara moja.

Katika mwaka 1945, serikali ya Kongo ya Wabeleji ilitoa amri ya kukataza watu wasio wa asili ya Ulaya au Asia kuingia mahali panapoonyeshwa sinema, isipokuwa kama filme imekwisha kupitishwa na tume ya ukaguzi. Maneno hayo yanafaa yasomwe pole pole. Amri haikutaja filme fulani kwamba ni mbaya. Ilimtaja mtazamaji. Filme ile ile iliweza kuwa nzuri kwa karani Mbeleji na kuwa sumu kwa karani Mkongomani aliyekaa naye katika ofisi moja kutwa nzima.

Kindu ya wakati ule iliitwa Kindu-Port-Empain, kwa jina la tajiri Édouard Empain, aliyeanzisha kompanyi ya reli ya CFL. Ulikuwa mji wa reli na mto: gari moshi linatoka Kongolo, mizigo inashushwa, mashua inaipokea na kuipeleka Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Makarani, mafundi wa mashine, wapakia kuni na mabaharia walitoka kila upande, na wote walisemezana Kiswahili. Watu wa namna hiyo, wenye mshahara kidogo na habari nyingi, ndio serikali ilikuwa inawaogopa zaidi.

Woga ulikuwa wa nini? Wakubwa walisema Mwafrika hawezi kutofautisha filme na mambo ya kweli. Lakini ukitazama aina ya filme zilizokatazwa, unaona sababu nyingine. Filme za Amerika na za Ulaya zilionyesha Mzungu mwizi, Mzungu mlevi, Mzungu anayepigwa ngumi akaanguka matopeni, bibi Mzungu anayembusu bwana asiye wake. Baada ya kuona hayo jioni, yule karani angemwangaliaje bosi wake kesho asubuhi? Angesema nini na wenzake wakati wa kula? Kwa hiyo wenye kuandika sheria walijua vizuri kwamba filme haiishii kwenye kitambaa cheupe. Inaendelea katika vinywa vya watu, na kinywa hakina tume ya ukaguzi.

Basi zikatengenezwa filme "kwa ajili ya Waafrika". Louis Van Bever, aliyefanya kazi katika mambo ya sinema ya serikali, alichapisha mwaka 1952 kitabu chenye jina hilo hilo, Le cinéma pour Africains. Fikira ya wakati ule ilikuwa kwamba filme hizo ziwe na hadithi fupi, mwendo wa pole, picha zisizoruka huku na huku, na fundisho lililo wazi. Wamisionari walikuwa mbele katika kazi hiyo. Kule Bukavu, Mapadri Weupe walitengeneza filme zao. Kule Kasai, Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alitengeneza katika miaka ya 1950 filme za kuchekesha za Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwingine mwembamba, kwa mfano wa Laurel na Hardy wa Amerika. Katika filme hizo, mjinga anayejiona mjanja huadhibiwa, na kazi, usafi na utii hushinda. Watu walicheka sana. Kama walicheka kwa sababu ambayo padri aliitaka, hilo ni jambo lingine.

Kuna hadithi moja ambayo wataalamu wa Ulaya walipenda kuisimulia. John Wilson, mwalimu wa Chuo Kikuu cha London, alieleza jinsi mkaguzi wa afya alivyotengeneza filme ya kufundisha wanakijiji wa Afrika namna ya kuondoa maji yaliyotuama. Mambo yote yalionyeshwa taratibu: mtu anamwaga maji, anaokota mikebe, anasafisha kiwanja. Filme ilipokwisha wakaulizwa: mmeona nini? Wakajibu: tumeona kuku. Wenye filme wenyewe hawakujua kama kuku alikuwamo. Wakarudi kuitazama kwa uangalifu, na kweli, kuku alipita upande wa chini kwa sekunde moja tu.

Hadithi hiyo ilitumiwa kuonyesha kwamba Mwafrika hajui kuangalia sinema. Yeyote aliyewahi kufuga kuku angeisoma kwa namna nyingine. Wale wanakijiji walikuwa wamechoka kufundishwa kumwaga maji. Katika filme nzima kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakikupangwa na mkubwa, nacho kilikuwa ni kuku. Ndicho walichokitaja.

Filme hizo zilihitaji mtu wa katikati. Upande wa Tanganyika, jaribio la sinema ya elimu lililoongozwa na Meja Notcutt kati ya 1935 na 1937, lenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, lilitengeneza filme ndogo zipatazo 35, na sauti yake ilitoka katika sahani za santuri zilizorekodiwa kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Huku Kongo mara nyingi alisimama mwalimu au katekista kando ya kitambaa cheupe, akaeleza kwa lugha ya watu kinachotokea. Mkubwa alimwamini kwa sababu alimwandikia maneno ya kusema. Lakini nani angemzuia kuongeza chumvi yake? Padri mwenyewe mara nyingi hakufuata nusu ya matani. Katika giza lile, mbele ya watu mia wanaomngoja, msimuliaji ndiye alikuwa mwenye filme.

Mjini Léopoldville vijana walikwenda mbali zaidi. Mwisho wa miaka ya 1950 walijitokeza Bills, vikundi vya vijana wa mitaani waliojiita kwa jina la Buffalo Bill. Filme za wachunga ng'ombe wa Amerika zilikuwa zimeruhusiwa, pengine kwa kuwa ndani yake mema yanashinda na watu wa porini wanashindwa. Vijana walizichukua na kuzigeuza: kofia, leso shingoni, mwendo wa kujidai, mitaa iliyobadilishwa majina, na lugha yao wenyewe iliyoitwa hindubill. Mwanahistoria Ch. Didier Gondola aliandika kitabu kizima juu yao, Tropical Cowboys, kilichotoka mwaka 2016. Tume ya ukaguzi ilikuwa imepima kila filme ikaona haina hatari. Haikupima vijana.

Na wakati Wakongomani wanachaguliwa filme za kuangalia, wageni walikuwa wanakuja kutengeneza za kwao kwenye mto huu huu. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alifika na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn katika mto Ruiki, karibu na Biondo, upande wa Ponthierville, ili kutengeneza The African Queen. Kutoka Kindu ni safari ya mto ya kilomita karibu 300 mpaka Ubundu, kisha reli. Watu wa huko walijenga kambi, wakabeba vyombo, wakavuta mashua. Mashua yenyewe ilizama usiku mmoja ikabidi ivutwe juu. Wageni wengi walishikwa na magonjwa ya tumbo, isipokuwa Huston na Bogart, ambao walipenda kusema kwamba dawa yao ilikuwa wiski. Sehemu nyingine ya filme ilichukuliwa Uganda, na nyingine ndani ya studio Uingereza. Bogart akapata tuzo ya Oscar mwaka 1952.

Sasa, mtu wa Ubundu akiitazama filme hiyo leo anakuta jambo la ajabu. Mto anaoujua, majani anayoyajua, mvua anayoijua, vyote vimepewa jina la mto Ulanga, katika Afrika ya Mashariki ya Wadachi, mwaka 1914. Hadithi inasema bwana mmoja na bibi mmoja Wazungu wanateremka na mashua ndogo mpaka ziwani, wakaizamishe meli ya Wadachi. Wenyeji wanaonekana mwanzoni wakiimba vibaya kanisani, kisha kijiji chao kinachomwa moto, kisha wanatoweka katika hadithi.

Ajabu inazidi ukijua historia ya kweli. Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, ili kupigana na Wadachi kwenye ziwa Tanganyika, na njia waliyopita ilikuwa Kongo. Mwaka 1915 mashua hizo zilipanda gari moshi kutoka kusini, zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa nguvu za watu, ng'ombe na mashine za mvuke, zikateremka Lualaba kutoka Bukama mpaka Kabalo, kisha reli tena mpaka ziwani, mahali ambapo leo ni Kalemie. Waliotengeneza njia na kubeba vitu walikuwa Wakongomani kwa maelfu. Lualaba ilikuwamo katika vita ile. Katika filme Lualaba imo pia, lakini kwa jina la wengine, na wabebaji hawamo. Mashua iliyotumika katika filme inatembeza watalii kule Key Largo, Florida.

Mwaka 1958 ilikuwa zamu ya Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Audrey Hepburn alikuja kuigiza sista Mbeleji katika The Nun's Story, filme iliyotoka 1959, karibu mwaka mmoja kabla ya uhuru. Kwa watu wazima wa mwambao wa mto, filme hizo mbili zina faida moja ambayo si ya hadithi: unaweza kuzisimamisha na kuonyesha watoto kivuko, nguo za wakati ule, mwendo wa mji uliopotea. Bado kuku, kwa maneno mengine.

Lazima tena kusema neno juu ya lugha, maana bila lugha habari inayofuata haieleweki. Kiswahili kilifika Maniema kwa miguu, katika karne ya 19, pamoja na misafara iliyotoka Zanzibar kupitia Tabora na Ujiji, ikajenga makao yake Nyangwe na Kasongo. Ilikuwa njia ya pembe na ya watumwa, na wazee wa Maniema hawajasahau. Lakini lugha ilibaki, ikawa ya sokoni, ya reli, ya kanisa na ya msikiti. Miaka mia moja baadaye, njia ile ile ilileta filme.

Kule pwani sinema ilikuwa na maisha tofauti. Mwanahistoria Laura Fair ameeleza katika kitabu chake Reel Pleasures jinsi watu wa Zanzibar, Dar es Salaam na Tanga walivyojaza majumba kama Majestic na Avalon, familia nzima zikiwa zimevaa vizuri, na jinsi filme za Kihindi kama Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka 1951, na Mother India ya 1957, zilivyozungumzwa wiki nzima: je, mtoto wa mwizi lazima awe mwizi? Je, mama ana haki ya kumpiga risasi mwanawe aliyepotoka? Serikali ya Waingereza ilikagua filme pia, lakini mtu wa pwani aliweza kununua tikiti na kuingia. Karani wa Kindu-Port-Empain alingoja mpaka mkubwa amchagulie.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, mlango ulifunguka, lakini amani haikuja pamoja nao. Jina la Kindu lilijulikana ulimwenguni kwa habari mbaya: tarehe 11 Novemba 1961 askari wa anga 13 wa Italia, waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, waliuawa hapa. Kisha mwaka 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, mpaka Novemba. Kwa Ulaya, Kindu ikawa jina la gazetini na la habari za sinema, mji usio na watu wanaokula, wanaooa na wanaobishana. Waliouona hivyo hawakuwahi kusikia maoni ya wakaaji wake juu ya picha hizo.

Wakati wa Zaire, televisheni ya taifa ilikuwa na filme yake moja iliyorudiwa kila jioni: sura ya Mobutu ikitokea mawinguni kabla ya habari. Ndiyo filme ambayo watu wengi wa inchi hii waliiona mara nyingi kuliko zote, na maoni juu yake yalitolewa kwa sauti ya chini, ndani ya nyumba. Upande wa furaha, Lubumbashi ilikuwa na kikundi cha Mufwankolo, kilichoigiza kwa Kiswahili cha mji kwenye redio na televisheni, bila maandishi, na watu walijiona wenyewe. Filme za karate zilizagaa, na baada ya Bruce Lee hakuna mtaa uliokosa kijana wa kuruka teke. Mwaka 1987 ikatoka La vie est belle ya Ngangura Mweze na Benoît Lamy, na ndani yake Papa Wemba, mtoto wa Lubefu katika Sankuru, jirani zetu wa magharibi. Hapo Mkongomani hakuwa tena mbebaji. Alikuwa mwenye wimbo, mwenye njaa, mwenye mapenzi, mwenye ujanja.

Kisha kanda za video zikaja, baadaye CD, na chumba chochote chenye mabenchi, televisheni na jenereta kikawa sinema. Nazo vita zikaja. RCD iliingia Kindu mwezi wa Oktoba 1998. Gari moshi likasimama, vijiji vya pembeni vikawa mikononi mwa Mai-Mai, na kwa miaka kadhaa mji ulikuwa kama kisiwa kilichofikiwa zaidi kwa ndege, na kwa wenye ujasiri, kwa baiskeli. Mtu aliyesukuma toleka lake porini alibeba chumvi, sabuni, betri. CD ni nyepesi. Ilipata nafasi kati ya sabuni.

Na ndani ya CD hizo kulikuwa na sauti. Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alikuwa amejipatia jina kwa kutafsiri filme za kigeni kwa Kiswahili, akisema juu ya picha: anaeleza, anaongeza, anamcheka adui, anamwonya msichana asifungue mlango. Uganda walikuwa na veejay zao kwa Kiganda, kama VJ Jingo. Kenya alitokea DJ Afro. Yule katekista wa kando ya kitambaa alikuwa amerudi, safari hii bila padri wa kumwandikia maneno. Filme ya Hong Kong iliyotafsiriwa Kiingereza, ikatafsiriwa tena Kiswahili cha Dar es Salaam, ilisikilizwa na mtu wa Maniema, ambaye akamtafsiria bibi yake kwa Kilega au Kikusu. Mwisho wa safari hiyo ndefu, bibi alitoa hukumu yake juu ya mkwe wa yule Mchina, na hukumu ilikuwa ya haki.

Mashabiki wenyewe wamegawanyika juu ya watafsiri. Kuna wanaosema DJ anaharibu filme, anasema mambo ambayo hayamo. Wengine wanajibu kwamba filme bila DJ ni kama harusi bila ngoma. Waliosoma Kifaransa wanajivunia kusikia maneno ya asili, na mara nyingine wanakosa utani ambao mtoto asiyekwenda shule ameupata. Kiswahili cha Dar es Salaam chenyewe kinabishaniwa: maneno fulani yanachekwa Kindu, halafu baada ya wiki mbili kila mtu anayatumia. Filme za Steven Kanumba zilipendwa kwa sababu hazikuhitaji mtafsiri, na alipofariki Aprili 2012, akiwa na miaka 28 tu, kilio hakikuishia kwenye mpaka wa Tanzania.

Tafsiri inaweza kuwa mchezo. Inaweza pia kuwa jambo la serikali. Mwaka 2015 Thierry Michel, pamoja na mwandishi wa habari Colette Braeckman, walitoa L'homme qui répare les femmes, filme juu ya Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, na juu ya wanawake waliotendewa ukatili katika vita za Mashariki. Serikali ya Kinshasa iliikataza mwezi wa Septemba mwaka ule. Sababu zilizotolewa na msemaji wake, waziri Lambert Mende, zilikuwa kwamba filme inachafua jeshi, na kwamba maneno ya mashahidi, waliosema kwa lugha za inchi, yalitafsiriwa vibaya kwa Kifaransa. Mwezi wa Oktoba katazo likaondolewa.

Tafakari jambo hilo kidogo. Wanawake walisema kwa lugha yao, mbele ya kamera, mambo ambayo mtu hasemi hata kwa dada yake. Mabishano makubwa ya mji mkuu yakawa juu ya mistari ya Kifaransa iliyoandikwa chini ya nyuso zao. Katika Kivu na Maniema kuna mamilioni ya watu wasiohitaji mistari hiyo. Wangeweza kuketi, kusikiliza na kusema: hapa tafsiri ni sawa, hapa si sawa. Ndio watu wa kwanza waliopaswa kuulizwa, na filme ilikatazwa kabla hawajaiona. Miaka sabini ilikuwa imepita tangu amri ya 1945.

Kwa upande mwingine kuna waliofanya kinyume. Dada wawili wa Uholanzi, Ilse na Femke van Velzen, walipomaliza mwaka 2007 filme yao Fighting the Silence, juu ya jambo hilo hilo, walihakikisha inarudi Kongo kwa sinema ya kutembea, kijiji kwa kijiji, na majadiliano yalifuata baada ya picha. Kule Goma, Petna Ndaliko na wenzake wa Yole!Africa walianzisha mwaka 2005 tamasha la filme, vijana wakaonyesha kazi zao mbele ya watu wa mji wao. Familia nyingi zilizotoka Goma na Bukavu baada ya miji hiyo kuanguka mwanzoni mwa 2025 zinakumbuka jioni za namna hiyo. Unapohama unaacha vyombo, unaacha shamba. Lakini filme uliyoiona na kuibishania huwezi kuiacha, na mara nyingine ndiyo maneno ya kwanza kati ya jirani mpya na jirani mpya. "Wewe uliangalia ile?" "Niliiangalia. Lakini mwisho wake sikuupenda." Urafiki umeanza.

Katika miaka ya karibuni, mtu anayetajwa sana na wapenzi wa filme wa mwambao wa mto ni Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani. Alitengeneza Examen d'État, juu ya wanafunzi wa Kisangani na mtihani wa taifa, ambao hakuna familia ya Kindu isiyojua maumivu yake. Alitengeneza Maman Colonelle, iliyotoka 2017, juu ya Kanali Honorine Munyole wa polisi, aliyetoka Bukavu kwenda kufanya kazi Kisangani. Na mwaka 2020 ikatoka En route pour le milliard, iliyochaguliwa kwa tamasha la Cannes mwaka ule ule.

Filme hiyo ya mwisho inahusu vita vya siku sita, Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wa Kisangani na kuua mamia ya raia wasiokuwa na ugomvi na yeyote. Waliobaki bila miguu, bila mikono, walijiunga, wakaigiza maigizo juu ya yaliyowapata, na mwisho wakapanda mashua ya mizigo kuteremka mto mpaka Kinshasa, kudai malipo yaliyoahidiwa. Mvua inanyesha juu ya turubai, watu wanagombana juu ya chakula, mtu anavua mguu wake wa bandia ili alale. Mto ule ule wa Bogart, kwenda chini. Lakini abiria ndio wenye hadithi, na wanasema Kiswahili na Lingala kwa sauti yao.

Mashabiki hawakubaliani juu yake. Wengine wanasema inachosha, hakuna muziki, hakuna mwisho. Wengine wanasema safari ya mashua ndivyo ilivyo, na aliyewahi kusafiri kutoka Kindu kwenda Ubundu anajua kwamba kamera haikudanganya. Kuna wanaouliza kama ni vizuri kuonyesha mtu mlemavu akianguka. Mtu aliyekimbia vita mara nyingi hajibu upesi swali hilo.

Tangu filme itoke mambo yamesogea. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye, iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa miaka mitano, na fungu la kwanza la dola milioni 65 lililipwa mwezi wa Septemba mwaka ule. Ofisi inayoitwa FRIVAO ndiyo iliyowekwa kugawia waathirika, makao yake Kisangani. Kwa hiyo leo mtu akitoa filme hiyo katika simu yake na kuionyesha jirani, maoni ya kwanza baada ya picha ya mwisho hayahusu kamera wala uigizaji. Ni swali moja, na mara nyingi linatoka kwa mama aliyekaa nyuma: "Na wale wa ndani ya mashua, wamekwisha kulipwa?"